Joto Aliloliandika Tata

Jumamosi, Kitendaguro. Jua la kiangazi limewaka tangu asubuhi na mimi sijala kitu. Jana nilirudi kutoka Muleba, nilikokwenda kumsaidia Mama kupanga vitu vya Tata, baba yangu. Tulimzika mwezi uliopita.

Mnaonisoma hapa mnaijua kazi yangu, maana nimejisifu vya kutosha: ninatengeneza programu ya kukadiria joto la ndani ya nyumba hata kabla haijajengwa. Nyumba ya kwanza kuipima ilikuwa ya wazazi wangu. Niliichora mwenyewe, paa la bati, madirisha mapana, na kompyuta ikasema kiangazi, saa nane mchana, sebule haitazidi nyuzi ishirini na saba. Nikatangaza mpaka kwa majirani.

Ilipokwisha kujengwa, nilimwachia Tata kipimajoto na daftari. Kila siku saa nane asome, aandike, jioni anisomee kwenye simu. Ishirini na saba. Ishirini na sita. Ishirini na saba tena. Nilikuwa nikikata simu nacheka peke yangu kwa furaha.

Nilisahau migomba.

Wakati nachora, kibanja, shamba letu la migomba, kilifika hadi karibu na ukuta, na kivuli chake nilikiingiza kwenye hesabu. Baadaye ugonjwa wa mnyauko ukaingia, migomba yote iliyozunguka nyumba ikakatwa na kufukiwa. Tata aliniambia. Nilimpa pole, hesabu sikuigusa.

Jana saa nane nilikuwa sebuleni na Mama, jasho linanitiririka mgongoni. Nikatazama kipimajoto: thelathini na nne. Nikasema kimeharibika. Mama aliendelea kukunja mashati, hakuniangalia.

"Ni kizima. Baba yako ndiye aliyekuwa anaandika ile namba yako. Alisema mtoto asije akaaibika mbele ya wakubwa zake wa kazi."

Namba nilimtajia mimi mwenyewe, mjinga mimi.

Mama anasema Tata alishinda humo ndani kila mchana, na presha yake ile. Alipomwambia atoe kiti akae nje kwenye upepo, alikataa. Watu wangeuliza kwa nini mzee amekimbia nyumba aliyochorewa na binti yake. Hospitali walisema ni presha. Joto lilichangia kiasi gani, sijui, na programu yangu haiwezi kunijibu.

Nimelia mpaka kichwa kinauma.

Jumatatu nitamwambia msimamizi wangu kwamba vipimo vya nyumba ile si vya kweli, na kosa ni langu, si la mzee. Mama nitamwekea dari, na migomba tutapanda upya. Hayo yote nayaweza.

Zinazonimaliza ni zile simu. Kila jioni nilimuuliza nyumba ina nyuzi ngapi. Nimekaa hapa tangu asubuhi nikitafuta kichwani siku moja, moja tu, niliyowahi kumuuliza: Tata, wewe mwenyewe unasikia joto?