Mimi Kwanza, Baba

Baba,

Mzabibu wako uko hai. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu ndilo ungeuliza kabla hata ya kuuliza kama Mama anakula. Mama anakula. Na yule aliyetaka kuung'oa amekunywa divai yake mbele ya ukoo mzima, halafu akanyoosha kikombe aongezewe.

Ngoja nieleze taratibu, maana hasira ikinishika nitaruka mambo.

Tulipokuzika watu hawakungoja hata udongo ukauke. Ulikufa kwa kifua, kifua kilekile ulichokuwaga unakohoa nacho tangu mimi mdogo, Nyamuswa nzima inakijua. Lakini kwa sababu jana yake ulikunywa kikombe cha divai, basi ikawa divai ndiyo imekuua. Baba mdogo Magesa ndiye aliyeanza. Mdogo wako wa tumbo moja, Baba. Alisema palepale kaburini kwamba ule mti wa Wataliano ung'olewe, uchomwe, usije ukamaliza ukoo. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Nilitaka kufungua mdomo, Mama akanibana mkono.

Ni wazee walewale uliowaita siku ya mavuno ya kwanza. Unakumbuka? Uliwapa vikombe, wakavikataa. Wakamimina yote kwenye chungu, wakaongeza maji ya moto kama wanavyofanya kwa pombe ya mtama, wakachomeka mirija yao mirefu na kuanza kuvuta. Ulishika kichwa kwa mikono miwili. "Wamenipikia chai," ulisema. Nilicheka mpaka nikatoka nje. Sasa nikikumbuka nalia, sijui kwa nini, ni jambo la kuchekesha.

Hawakujua mapenzi hayo ya divai umeyatoa wapi. Mimi najua, nilizisikia hadithi zako mpaka nikazikariri. Vita ya Mfalme wa Waingereza, kule Tabora, wewe unalinda mateka wa Kitaliano. Wewe una bunduki, wao wana maneno. Wakakuambia kwamba kwao kila kilima kina divai yake, mtu akionja anakuambia imetoka kilima gani, upande wa jua la asubuhi au wa jioni. Wakakuambia habari za Wafaransa wanaoiweka mashimoni chini ya nyumba, na Wareno wanaokanyaga zabibu kwa miguu huku wanaimba. Umetembea nchi zote hizo bila kuvuka hata ziwa letu.

Na ulirudi na ugonjwa huo wa kuonja. Sokoni Bunda ulikuwa unaonja pombe ya mama wa watu, unatulia, unamwambia mtama wake ni wa mbugani, sio wa mlimani. Wakati mwingine ulipatia. Wakati mwingine ulikuwa unabahatisha tu, na wale kina mama walikutukana vizuri. Ulipokuwa utingo kwenye lori la pamba mkafika Dodoma, wenzako walirudi na vitenge kwa wake zao. Wewe ulirudi na vijiti vya mzabibu kwenye gunia lililolowa maji. Mama hajakusamehe hilo mpaka leo.

Basi. Baada ya mazishi likaja tangazo la kuhama. Wote tushuke mlimani, tujenge kijiji cha Ujamaa kando ya barabara, nyumba kwa mstari. Magesa akafurahi. Alisema hakuna haja ya kujichosha na panga, tukishahama ng'ombe wataumaliza mzabibu wenyewe. Wakati huohuo zabibu zako zilikuwa zimeiva. Hakuna aliyezigusa. Hata watoto walikatazwa kupita pale.

Nilizichuma peke yangu. Nikaziponda kwenye mtungi wako, nikazifunika, nikawa nazichungulia kama ulivyonionyesha. Mama alikuwa ananiona. Siku ya kuchuja aliniletea kanga yake safi.

Siku ya kumaliza matanga wanawake tulileta vyungu vya pombe. Unajua desturi yetu: aliyepika anaonja kwanza mbele ya wageni, wote waone hakuna sumu, kisha anaondoka, wanaume wanakaa. Nikaubeba mtungi wako, nikauweka mbele ya Magesa.

"Ondoa hiyo kitu," alisema.

Nikamwambia, "Nimepika mimi, Baba mdogo. Naonja mimi. Ndivyo mlivyotufundisha."

Nikanywa kibuyu kizima. Halafu sikuondoka. Nilikaa kwenye kigoda chako, mikono magotini, wakanitazama wanione naanguka saa ngapi. Niliogopa, Baba. Sikuogopa divai. Niliogopa kukohoa. Ningekohoa mara moja tu, mzabibu wako ungekuwa kuni. Na moshi wa jikoni si ukageuka ukaja upande wangu! Nilimeza mate mpaka machozi yakanitoka. Wakadhani nakulilia wewe. Waache wadhani, nusu yake ilikuwa kweli.

Mwishowe mjomba mkubwa wa Butiama, kaka yake Mama, akasema, "Magesa, mtoto ameonja." Basi tu. Kukataa baada ya hapo ni kuniita mchawi mbele ya wajomba zangu, na Magesa si mjinga. Akapokea kikombe. Akaomba maji ya moto. Nikaliweka birika nyuma ya kigoda nikamwambia hii haichanganywi. Hakuna mwanamke aliyewahi kumjibu hivyo.

Akanywa. Akafumba macho, akanywa tena. Akasema, polepole, kama mtu anayejisemea mwenyewe, "Ina mawe ndani. Mawe ya pale juu."

Baba, laiti ungemsikia. Miaka yote ile unawaeleza habari ya vilima, wanakucheka.

Hajaomba msamaha wala simsubiri aombe. Lakini siku ya kuhama alileta mkokoteni wake, akaona nimefunga vijiti kwenye gunia lililolowa, akavipakia mwenyewe juu ya magodoro. Shina lako limebaki mlimani karibu na kaburi lako. Nimelizungushia miiba, ng'ombe watafute majani kwingine. Ile waliyobakiza kwenye mtungi nimekumwagia wewe, ndiyo maana ardhi yako inanukia.

Huku chini mwenyekiti anasema kila kiwanja ni pamba, mahindi na muhogo. Hakusema kitu kuhusu ukuta wa bafu. Nimevipanda hapo, maji yanapotiririkia. Alikuja akauliza ni nini, nikamwambia ni ua. Akauliza ua gani huo. Nikamwambia asubiri, ataona. Vimeshatoa majani.

Udongo wa huku ni mweusi, hauna jiwe hata moja. Divai yake haitafanana na yako, na mimi sitadanganya kwamba inafanana. Wakiniuliza ni ya kilima gani nitawaambia haina kilima, ni ya barabarani, ya watu waliohamishwa wakaja na mizizi yao.

Lala, Baba. Wewe ulibeba vijiti hivi kutoka Dodoma, mimi nimevishusha mlimani, na hakuna atakayeving'oa nikiwa napumua. Vikizaa nitaita watu wote, Magesa akae mbele, birika libaki jikoni. Wataonja wote.

Mimi kwanza.

Binti yako,
Nyangeta