Goti Moja Mbele ya Baba Mkwe

Kijiji cha Mpui,
Sumbawanga.
14 Machi 1976

Mpendwa kaka Adriano,

Shikamoo. U hali gani huko Tanga kwenye mkonge? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi huku tu wazima, mvua inanyesha vizuri, na mama kila akitoka misa ananiuliza kama umeandika. Andika basi, usimtese mzee wa watu.

Kaka, tangu jana sikai nikatulia. Nimefuzu shabaha! Mimi Fransiska, niliyeambiwa na wewe kwamba bunduki itanivunja bega!

Unajua nguruwe pori walivyotumaliza mwaka jana. Shamba la mahindi walilifagia lote, tukashindia mboga za porini mpaka wanangu wakakonda. Sasa wilaya imekubali kukipa kijiji bunduki ya kulinda mazao, mradi apatikane mgambo mmoja wa hapa atakayefuzu mikao yote: kulala, kusimama na kupiga goti. Wenzangu walikwisha kushindwa, nikabaki mimi peke yangu.

Mwalimu wetu ni Koplo Ambakisye kutoka Mbeya. Ana mdomo mkali, lakini anafundisha. Mwanzoni niliikaba bunduki kama mpini wa jembe, ikawa inanipiga teke begani. Akaniambia mkono wa kushoto uibebe tu, usiinyonge. Kitako kikae kwenye bonde la bega, shavu lilale juu yake. Nikakumbuka ninavyomlaza mwanangu begani akilia, na tangu hapo haikunipiga teke tena. Kulala nikapata, kusimama nikapata.

Kupiga goti ndiko kulikoniaibisha. Mkao wenyewe ni goti la kulia chini, la kushoto juu, na kiwiko kinaegemea hapo. Lakini pembeni ya uwanja alikuwa amekaa baba mkwe, Mzee Zenon, juu ya kigoda chake. Shamba lililoliwa ni lake pia, asingekosa kuja. Sasa niambie kaka, mke wa mtu anampigiaje mkwewe goti moja, paja juu, macho makavu mbele? Mwili ulikataa. Nikajikuta nimeshuka kwa magoti yote mawili, miguu pamoja, kama tunavyowaamkia wakwe kwa makofi. Risasi ikaenda mawinguni, nami nikaenda chali. Watu walivyocheka! Nikajaribu tena, yakawa yaleyale. Ikabaki risasi ya mwisho.

Koplo akanijia amefura. Akayatazama magoti yangu, akawatazama watu, hasira ikamwisha. Kwao Mbeya mke na baba mkwe hata njia moja hawapiti. Akaniuliza polepole, "Mama, nani hapa ni mkweo?" Nilitazama chini tu.

Mzee Zenon alisikia. Akainuka, akakigeuza kigoda chake, akakaa akitupa kisogo.

"Piga, mwanangu," alisema. "Mimi naangalia mahindi."

Moyo wangu, kaka! Nikainua goti, kiwiko kikatulia, nikatoa pumzi nusu, nikavuta kidole taratibu. Nilijua imeingia kabla hata ya vigelegele. Yeye wala hakugeuka. Alingoja mpaka nisimame, nijifunge kanga vizuri, ndipo akauliza, "Imeingia?" Machozi yalinitoka mbele za watu.

Bunduki tutaletewa karibuni, na mahindi ndiyo kwanza yanabeba. Mwaka huu nguruwe watatafuta pa kwenda. Shemeji yako Leonsi anatamba kijijini utadhani mkewe alifundishwa na yeye.

Msalimie wifi Cornelia na watoto wote. Mama na shangazi Silvana wanakusalimu sana. Baba mkwe naye anakusalimu. Leo asubuhi amenikuta nyuma ya nyumba nikifanya mazoezi kwa mpini wa jembe. Amegeuka mwenyewe, akasimama hapohapo akingoja nimalize.

Mungu akulinde, akurudishe nyumbani ukiwa na afya.

Wako akupendaye,
mdogo wako mwenye bega zima,
Fransiska