Dagaa Waliokwenda Ulaya

Jumanne, 17 Agosti 2021

Na tena si tai ya shingoni peke yake. Ni ile tai pamoja na suruali ya kulalia. Juu mwalimu, chini bwana arusi aliyetoka kitandani sasa hivi. Leo nilisimama mlangoni na kikombe, nikamtazama Espoir akifundisha mpaka chai ikapoa. Mume wangu. Naandika tena: mume wangu. Tulifunga ndoa mwezi wa sita, wiki moja kabla Sydney haijafungwa kwa sababu ya korona, na sijazoea bado. Nisizoee kamwe.

Fungate yetu ni chumba kimoja hapa Kensington, katika nyumba tunayochangia na Shiro, mwanafunzi Mkenya. Nikirudi kutoka nyumba ya wazee ninakopika, naoga, navaa kitenge, nakaa jikoni kusikiliza somo. Espoir yuko kwenye mazoezi yake ya mwisho ya ualimu. Jiografia, shule moja ya upande wa Toongabbie. Lakini wanafunzi wako makwao, na yeye yuko kwenye meza yetu ya kulia. Akifaulu, ni mwalimu kamili. Akifeli, anarudia mwaka mzima, na ameshasema nguvu ya kurudia hana.

Atafaulu. Nani wa kumfelisha mtu mwenye sauti ile?

Ijumaa, 20 Agosti

Furaha! Hata supu Espoir hakumaliza.

Kuna mpango wa Ulaya wa walimu na wanafunzi wao. Unaunganisha darasa la huku na darasa la kule, na una vifaa tele vya kufundishia, bure. Picha za maziwa zilizopigwa na setilaiti. Ziara za makumbusho ukiwa umekaa nyumbani. Miongozo ya masomo. Mwalimu mmoja wa Ufini amemwalika ajiunge na darasa lake. Mada: maji yanayotuzunguka. Somo la pamoja ndilo msimamizi wake atakalolitazama kwa mara ya mwisho, na kutoa uamuzi.

Nilipoona nembo nikashika kifua. Nyota za manjano, duara, juu ya bluu. Nazijua! Zilikuwa ukutani kwetu Musoma, kidato cha pili, karibu na lile bati lililokuwa likivuja. Mwalimu Magesa alizibandika kwa uji mzito kwa sababu gundi ilikuwa imekwisha. Mchwa wakala nyota mbili.

Espoir naye anazijua. Yeye alizikuta kambini Kigoma, familia yao ilipokimbia kutoka Uvira. Zilikuwa kwenye kifuniko cha sanduku la madaftari na vitabu. Alijifunza kusoma amekaa chini mbele ya sanduku lile. Ndipo alipotamani ualimu.

Tumeongea hadi supu ikaganda. Ni kama kugundua kwamba tulikua na jirani mmoja.

Jumapili, 22 Agosti

Mama mkwe ametuma mfuko wa dagaa wakavu, kwao wanawaita ndagala. Binamu yake anasambaza vifurushi, akauacha mlangoni, akapunga mkono, akaenda. Mama yuko Seven Hills. Sisi huku haturuhusiwi kuvuka kilomita tano. Tangu arusi sijakanyaga jikoni kwake, na kwao bibi arusi asiyepika kwa mama mkwe ni kama mgeni aliyesimama uani.

Akapiga simu ya video kuhakikisha nimepokea.

"Hiyo ni ndagala ya Tanganyika, we mukwe wangu. Siyo ile michanga yenu ya Musoma."

Nikamwambia, mama, mchanga wa Musoma ndio kiungo. Akacheka mpaka akaweka simu chini. Nampenda mwanamke huyu. Kila nikifungua mfuko nanusa nyumbani: mawe ya Musoma, nyavu zimeanikwa, bibi anafukuza kunguru kwa kanga.

Jumatano, 25 Agosti

Kesho jaribio la kwanza na Wafini. Ameandaa picha za slaidi nzuri ajabu. Ziwa linaonekana kutoka angani kama kipande cha kioo. Nimempigia pasi shati. Shati tu.

Alhamisi, 26 Agosti

Vibaya. Vibaya sana.

Wanafunzi wake wote walizima kamera. Miraba myeusi, majina meupe. Wafini walikuwa darasani kwao, barakoa usoni, wametulia kama wako kanisani. Espoir akauliza swali. Kimya. Akauliza lingine. Kimya. Mwalimu wa Ufini akatabasamu, akangoja. Mume wangu akaongea peke yake kipindi kizima, sauti ikizidi kupanda, mpaka nikatamani kuingia nimkumbatie mbele ya mataifa yote mawili.

Baadaye msimamizi akamwambia: slaidi zako nzuri, lakini unajifundisha mwenyewe.

Hakula. Amefunga laptopu kama mtu anayefunika maiti.

Jumamosi, 28 Agosti

Tumegombana. Mara ya kwanza. Nina aibu hata kuandika.

Asubuhi alisema atawaomba wamrudishe ghalani, Seven Hills, alikokuwa akipanga maboksi kabla ya masomo. Shifti za kudumu. Ualimu basi. Nikaogopa, nikampigia mama mkwe. Kosa? Sijui. Mama akampigia yeye. Nilimsikia hadi chumbani: "Nilikubeba mugongoni kutoka Uvira ili ukuje kubeba maboksi? Uko na akili bien?"

Espoir akaniangalia. "Umenisemea kwa mama." Basi. Halafu akaosha vyombo vyote, hata visafi.

Shiro akachungulia: "Aki, nyinyi si mlioana juzi tu? Ama nihame?"

Hakuna aliyecheka. Nimekasirika naye. Nimejikasirikia. Naandika hapa ili nikumbuke kwamba hata leo, na mdomo umemvimba kwa kununa hivi, nampenda.

Jumanne, 31 Agosti

Nimekaanga ndagala za mama kwa nyanya na pilipili. Harufu ikamtoa chumbani. Nikamsimulia habari ambayo sikuwahi kumsimulia, maana naona haya kucheka peke yangu.

Kidato cha pili. Mpango ule wa nyota uliunganisha darasa letu na darasa la Austria. Kila darasa litume sanduku lenye vitu vya maisha yake. Wenzetu wa shule ya jirani walituma vinyago na shanga. Mwalimu Magesa akatuuliza: vinyago, nani kati yenu anacho nyumbani? Hakuna. Nyumbani mna nini? Darasa zima kwa sauti moja: dagaa! Akakubali. Akawafunga mwenyewe kwa gazeti, tabaka juu ya tabaka, kwa heshima kabisa, kama zawadi ya waziri. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kuhusu harufu. Kwetu ile si harufu. Ni hewa.

Sanduku likasafiri kwa wiki nyingi. Posta ya Austria ikampigia mwalimu wao aje mbio.

Zikaja picha. Sanduku limefunguliwa nje, juu ya theluji, watoto wamebana pua. Mmoja, msichana mwenye miwani, ameweka dagaa mmoja ulimini na amefumba macho. Na barua: mna maswali? Sisi tunayo mengi. Wanavuliwaje? Kwa nini usiku? Mnawala na vichwa? Tukajibu mwaka mzima. Mimi niliyekuwa siinui mkono darasani, nikawa naandika kurasa nne kuhusu taa za karabai za wavuvi. Nilijua kitu. Kuna mtu mbali alitaka kukijua.

Espoir hakucheka. Nikavunjika moyo. Akakaa na kijiko mkononi.

"Sisi kambini tulipokea tu," akasema. "Vitabu, kalamu. Merci kwa kila kitu. Lakini hakuna aliyetuuliza tuna nini."

Nikaondoa sahani. Nyuma yangu nikamsikia ameanza kucheka. Posta! Ati aje mbio! Akacheka mpaka akakohoa, na mimi naye, na Shiro ukutani akagonga. Umeisha ugomvi. Alhamdu— yaani, Mungu asifiwe. Nimeambukizwa na wafanyakazi wenzangu.

Jumatano, 8 Septemba

Kesho. Amefuta karibu slaidi zote. Amebakiza ile moja, ziwa la Wafini kutoka angani, na kando yake kijito cha Toongabbie, chembamba kama uzi. Amewaandikia wanafunzi wote, wa huku na wa kule: leta kutoka jikoni kwenu kitu kimoja kilichotoka majini. Usinunue. Kilichopo.

Usingizi hapati. Ameniuliza mara tatu kama ni ujinga. Nimejibu mara tatu kwa busu.

Alhamisi, 9 Septemba

Naandika haraka kabla sijasahau lolote.

Saa kumi alasiri, kule Ufini asubuhi. Shiro ametuachia intaneti yote, amekaa uani na blanketi. "Nawafanyia hii kwa mapenzi yenu, mnaskia?" Mimi jikoni, mlango wazi kidogo.

Miraba myeusi. Wafini kimya. Msimamizi naye kwenye mraba wake, kamera imezimwa. Espoir akauliza: nani ana kitu? Kimya. Nikaona shingo yake inalowa. Hakuongea. Safari hii akangoja. Mungu wangu, alingoja! Nilishika sinki.

Mvulana mmoja Mfini akasimama na sahani. Visamaki vidogo, vimepakwa unga, vimekaangwa. Vya ziwa lao, lile la kwenye picha. Baba yake anavua.

Espoir akageuka, akasahau kila kitu, akaita kwa sauti: "Chérie! Lete dagaa!"

Nikaingia. Kitenge, kilemba cha jikoni, mfuko wa mama mkononi. Nikamwinua samaki mmoja mbele ya kamera, karibu na yule wa Ufini. Ndugu kabisa! Wafini wakasogea mbele wote kwa pamoja.

Mraba mmoja ukawaka. Msichana ambaye Espoir hajawahi kumwona uso muhula mzima. Ameshika chupa ya kioo yenye dagaa. "We've got those!" Hata kwao wapo! Nyuma yake sauti ya bibi, kwa Kiswahili cha Kongo: "Waambie kwanza unatosha kichwa! Waambie!" Msichana akawaambia kwa Kiingereza kwamba kwanza kichwa hutolewa. Mfini akauliza kwa nini kichwa. Bibi akaingia kwenye picha.

Mraba mwingine: samaki mkavu wa Ufilipino. Mwingine: chupa ya mchuzi wa samaki, Vietnam. Mmoja akaleta kopo la jodari, akaomba radhi, Wafini wakapiga makofi. Wanaulizana wao kwa wao. Hayo maji ni ya chumvi? Mnavua usiku? Kijito chenu kina samaki? Kwa nini hakina? Hapo Espoir akaweka ile slaidi moja, na somo likaenda lenyewe.

Nikarudi jikoni nikalia juu ya vitunguu ambavyo sijavikata.

Uamuzi wa msimamizi bado. Ataandika.

Ijumaa, 17 Septemba

Amefaulu!

Amefaulu, amefaulu. Nilimsomea mama mkwe kwa simu maneno ya msimamizi: siku hii wanafunzi walifundishana, na mwalimu alijua kunyamaza. Mama akapiga vigelegele, majirani wa Seven Hills wakatoka nje. Halafu akauliza ndagala zake zilisifiwa au hazikusifiwa.

Ghala halikutajwa tena.

Nikamwandikia dada yangu Musoma ampelekee Mwalimu Magesa habari. Amestaafu, analima nyanya. Amejibu kupitia dada: je, safari hii harufu mliidhibiti?

Jumanne, 12 Oktoba

Tangu jana mji umefunguliwa. Leo tumetembea mpaka kituoni bila sababu, tumeshikana mikono, tukatazama watu wakipanda treni. Hatukupanda. Mama anamalizia chanjo ya pili wiki ijayo, na Espoir hataki kubahatisha na mama yake.

Wafini wameomba tubadilishane masanduku. Espoir amewaambia litakwenda sanduku la vitu visivyonuka: picha, maji ya kijito yaliyochorwa kwa penseli, mapishi ya yule bibi. Mama amesikia. Amesema ndagala moja lazima iingie, hata ikifungwa kama mtoto mchanga, na kwamba tutabishana mezani kwake.

Jioni imepoa. Espoir anasahihisha kazi za wanafunzi, leo amevaa suruali ya kazi. Nimepeleka chai, nimekaa karibu yake, hatuongei. Nasikia harufu ya ziwa kwenye vidole vyangu, na ziwa liko mbali sana.

Seven Hills, kabla ya mwezi huu kwisha. Nitaingia jikoni kwa mama, nitafunga kitenge, nitapika.