Sauti ya Kibati

Endamarariek, 12 Februari 2023

Kaka Remi,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Arusha, na kifua chako kinasemaje na hilo vumbi? Sisi huku tunaendelea. Mama anakusalimia. Baba ni yuleyule, ukimsalimia anajibu akiwa ameshakupita. Mbaazi zimeota vizuri. Lightness wangu ana miaka miwili na nusu sasa, anaongea mpaka kuku wanachoka.

Najua unanicheka kwa kuandika meseji ndefu kama barua. Utanisamehe. Mtandao unashika kule juu kanisani tu, kwa hiyo naandika polepole jikoni, halafu Jumapili napanda nayo.

Ile sauti uliyoniomba kwa ajili ya gemu yenu nimeipata. Ulisema roboti wenu ni mdogo, ameundwa kwa vipande vya bati, na akipotea anamwita mama yake. Nikaona huyo ni Lightness kabisa. Lakini ukimwambia "ita mama" anakutazama, anasema, "Si uko hapa?" Basi nikaweka simu juu ya kinu, nikaenda kujificha nyuma ya zizi. Mara ya kwanza akaita kidogo. Mara ya pili akaita kwa nguvu. Mara ya tatu akalia kabisa, "Mamaa." Nikatoka mbio nikambeba, akaanza kucheka na machozi yake hivyohivyo. Kicheko nacho kimo, kipo mwishoni. Sasa ameshaufanya mchezo, kila saa ananiambia, "Mama, jifiche."

Baba alinikuta nimejibanza pale zizini. Akasema, "Petronila, una mtoto, na wewe mwenyewe mtoto."

Moringe, baba yake Lightness, amepiga simu. Anasema ameshaongea na watu wa kwao Soitsambu, watakuja nyumbani baada ya mavuno. Usimwambie mtu, Kaka. Nimeshanunua kitambaa cha gauni.

Mdogo wako,
Mama Lightness


Arusha, 21 Februari 2023

Mama Lightness, mdogo wangu,

Shikamoo kwa wazee wote wawili. Kifua kimepoa, njaa ndiyo haijapoa. Na wewe je, hujambo? Mjomba anamsalimia mpwa wake.

Sauti imetoka kali sana. Nilimsikilizisha Benson, huyu ninayetengeneza naye gemu. Akasema, "Hii ndiyo roho yenyewe." Kwa hiyo tumefanya hivi: roboti anaitwa Kibati. Mchezaji anamwongoza arudi nyumbani, njiani kuna mashimo. Akitumbukia anavunjika vipandevipande, na kabla hajavunjika anaita, "Mamaa." Kicheko tumekiweka kando. Akifika nyumbani inalia kengele. Benson anasema kicheko kinapoza.

Kuna kitu utakipenda. Mle ndani tumeweka Karakana, sehemu ya mchezaji kujenga steji zake mwenyewe. Unavuta ukuta kwa kidole, unaweka mlango, unachimba shimo unapotaka, halafu unamwachia Kibati atembee. Hata mtoto mdogo anaweza. Nimekutumia, weka kwenye simu.

Kaka yako,
Remi


Endamarariek, 19 Novemba 2023

Kaka Remi,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini u mzima na kazi inakwenda. Mama alishikwa na malaria lakini dawa zimemkubali. Mimi mwili hauna shida.

Lightness hayupo.

Kina Moringe walikuja kweli, walichelewa tu. Walikuja na gari dogo, na nyuma yake Fuso yenye ng'ombe jike na ndama wake. Nikavaa lile gauni. Nikakaa jikoni nasubiri kuitwa, nawasikia wanaongea na Baba, wanacheka, wanaongea tena. Nilipoitwa, niliambiwa nikaandae nguo za mtoto.

Moringe ana mke, Kaka. Alioa mwaka juzi, na mkewe hajajaliwa mtoto. Nimejua siku hiyo, nikiwa nimesimama mbele ya watu na gauni langu. Nikamuuliza, "Na mimi?" Alikuwa anatazama viatu vyake. Baba ndiye aliyenijibu. "Wewe utaolewa. Lakini nani atakuchukua na furushi mgongoni?"

Lightness alinishika sketi, hataki gari. Baba akanivuta pembeni, akaniambia, "Nenda kajifiche nyuma ya zizi kama ulivyozoea. Akikuona hatatoka hapa." Nikaenda. Hakuna aliyenisukuma, Kaka, nilikwenda kwa miguu yangu. Nikamsikia anaita. Mara ya kwanza kidogo. Mara ya pili kwa nguvu, na halii, anacheka, kwa sababu anajua nitatokea. Wakampandisha anacheka. Mlango wa gari ulipofungwa ndipo akaita ile ya tatu.

Moringe alisema akishazoea nitaruhusiwa kwenda kumwona, kwa sasa nitamvuruga tu.

Ng'ombe anakamuliwa vizuri. Mama ananitilia maziwa yake kwenye chai, ananiambia, "Kunywa upate nguvu." Nakunywa.

Mdogo wako,
Mama Lightness


Arusha, 3 Desemba 2023

Mdogo wangu,

Pole sana. Mama ameamka? Mpe pole na yeye. Nimesoma barua yako mara nyingi.

Nenda ustawi wa jamii pale Karatu. Mtoto wa umri ule anatakiwa akae na mama yake, hata mimi nalijua hilo. Ningekuja mwenyewe niongee na mzee, lakini gemu inatoka wiki hii na Benson hawezi peke yake. Tuombeane.

Kaka yako,
Remi


Karatu, 10 Machi 2024

Kaka Remi,

Tumsifu Yesu Kristo, na hongera kwa gemu. Umeshapona uchovu? Mimi sasa nipo Karatu mjini, nimepata kibarua cha kufua mashuka ya loji. Mikono imechubuka lakini nakula.

Ustawi nilikwenda. Dada wa pale alinisikiliza vizuri, akasema nije na Baba aeleze mtoto alivyoondoka. Nikarudi nyumbani nikamwomba. Baba akasema, "Unataka nikasimame kule niseme nimemuuza mjukuu? Basi na wewe hapa sikujui." Ndiyo maana nipo mjini.

Nina jambo moja nakuomba. Kwenye kibanda ninapochajia simu, vijana wanacheza gemu yenu. Hawamrudishi Kibati nyumbani. Wanashindana nani atamtumbukiza vizuri. Akiita "Mamaa" wanagongeana mikono, na mmoja anamwigiza kwa sauti nyembamba, wenzake wanaishiwa pumzi kwa kucheka. Nilisimama pale na sabuni yangu mkononi. Mmoja akaniambia, "Sista, njoo na wewe umtupe, usiogope, ni bati."

Itoe ile sauti, Kaka. Weka ya mbuzi, weka ya paka, yoyote mnayopenda.

Nimeanza kujenga nyumbani kwetu kule Karakana. Nimefikia zizi.

Mdogo wako,
Mama Lightness


Arusha, 14 Aprili 2024

Mama Lightness,

Mikono inaendeleaje? Paka mafuta ya mgando kabla ya kulala. Mimi ni mzima, usingizi tu hautoshi.

Nitakuambia ukweli, haiwezekani. Watu wanaipenda gemu kwa sababu ya sauti ile. Huko nchi za mbali wanajirekodi wakimtupa, wanacheka, wanatumiana. Tukiitoa, gemu imekufa, na Benson hataki hata kusikia. Halafu ni sauti tu, mdogo wangu. Mwenye sauti ni mzima, anakunywa maziwa yake Soitsambu. Benson amesema tukushonee fulana yenye picha ya Kibati.

Lakini hiyo nyumba unayojenga, ukimaliza nitumie. Nitaiingiza kwenye gemu yenyewe, na mlangoni nitaondoa kengele niweke kile kicheko chake. Hilo nitakufanyia.

Kaka yako,
Remi


Karatu, 25 Agosti 2024

Kaka Remi,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakuandikia nikiwa na furaha, kwa hiyo ujue mimi ni mzima hata kabla hujauliza. Wewe je? Fulana imefika, asante, nalalia.

Nyumba imekwisha, nakutumia. Mlango nimeupaka bluu kama wetu. Kinu kipo, zizi lipo, mfereji una yale mawe ya kuvukia. Karakana haina kuku, nimeweka taa ndogo za njano zinazotembeatembea uani, yeye ataelewa. Shimo sijachimba hata moja. Kibati anatembea tu mpaka mlangoni. Nataka Lightness akiicheza, miguu yake ikumbuke njia.

Moringe alipiga simu. Kule wanamwita Nanyori, anasema maana yake ni anayependwa, nami nikasema ni jina zuri. Akaniambia mwakani mwezi wa sita ninaweza kwenda, kwa kuwa mtoto ameacha kuniulizia. Aliniambia kama mtu anayetoa habari njema, na mimi nikamshukuru.

Mdogo wako,
Mama Lightness


Arusha, 2 Februari 2025

Mama Lightness,

Za siku nyingi, na mwaka mpya ndio huo umezeeka. Wote wazima?

Steji yako imo na kicheko kimo mlangoni. Nimemtumia Moringe gemu kwenye simu yake. Anasema mtoto akiishika haiachii mpaka izime. Nenda, mdogo wangu. Atakukumbuka.

Kaka yako,
Remi


Karatu, 29 Juni 2025

Kaka Remi,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta na afya. Nimerudi salama, namshukuru Mungu kwa hilo.

Basi la Loliondo nililipandia hapa Karatu alfajiri. Kule juu ya kreta ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, tukapita kama watu waliofumba macho. Nilikuwa na viatu vyekundu vya Lightness nimevipakata. Sikutaka kuviweka juu na mizigo.

Moringe alinipokea barabarani, tukatembea mpaka kwake. Tulipokaribia boma akasimama. "Nimemwambia anakuja shangazi," akasema. "Ni mtoto, usimvuruge." Nikasema sawa. Mkewe akanipokea mkoba, akanipa chai hata sijakaa, akanitandikia ngozi laini. Ni mtu mwema, Kaka. Ningependa awe mbaya.

Lightness alikuwa amekaa mlangoni na simu. Amekuwa mrefu, shanga zimempendeza. Akainuka, akaja mbele yangu, akainamisha kichwa nimguse, kama watoto wa kule wanavyowasalimia wakubwa. Nikamgusa. Akarudi kwenye simu yake. Viatu vilimbana, havikuingia hata nusu. Nilinunua kwa mguu ninaoukumbuka mimi.

Nikakaa karibu naye. Nikamwambia anionyeshe ile steji ya mlango wa bluu. Akaipata haraka.

"Nyumba hii unaijua?" nikamuuliza.

"Naijua. Ni ile mbaya."

"Ubaya wake nini?"

"Haina shimo. Anafika tu, halafu anacheka."

"Na anayecheka ni nani?"

Akanitazama kama anayemtazama mtu asiyejua mambo. "Si ni roboti, shangazi. Lakini mimi nimeshaitengeneza, ngoja uone."

Akafungua Karakana. Amechimba shimo, Kaka. Amelichimba mlangoni kwetu, palepale kwenye kizingiti. Akamchukua Kibati, akampitisha mferejini, hakuteleza hata kwenye jiwe moja. Akampitisha kwenye zile taa, na kwenye kinu, na nyuma ya zizi. Njia yote anaijua. Alipofika mlangoni akamtumbukiza.

"Mamaa."

Akacheka mpaka akaniegemea. Kicheko hakijabadilika, ni kilekile. Akasema, "Sikia anavyoita! Tumtupe tena, shangazi?"

Nikasema, "Mtupe."

Tukamtupa mpaka chaji ikaisha. Mke wa Moringe akaita chakula, naye akajibu, "Yeyo, nakuja," ndivyo kule wanavyomwita mama, akakimbia kwake, mimi akaniachia simu mkononi. Asubuhi nilipoondoka alikuwa bado amelala. Moringe alisema tusimwamshe.

Ameniruhusu niende tena Desemba. Nimeshampima mguu kwa kamba, safari hii sitakosea. Nitampelekea na zile karanga alizokuwa anapenda, huenda mdomo ukakumbuka.

Kaka, mwaka jana nilikuomba uitoe ile sauti. Sasa nakuomba usiitoe, hata Benson akibadili mawazo, mkatalie. Na lile shimo mlangoni kwetu liacheni. Hakuna mahali pengine anaponiita.

Mdogo wako,
Petronila