Mama Mkwe Juu ya Pikipiki ya Magurudumu Nne

Akinyi nyathina, mtoto wangu, habari ya Migori? Mimi niko mzima hapa Kisegi. Samaki ya omena ni tamu, jua ni kali, lakini Ouma dereva wetu atanimaliza.

Mradi wa maji ilileta pikipiki ya magurudumu nne ya kubeba mabomba mpaka mlimani. Tuliambiwa ni ya mtu mmoja. Jana Ouma akiendesha, mimi nikifuata kwa miguu, tukakuta mama mkwe wake na kikapu. Ouma akasimama. Nikamwambia, "Wacha, hii kitu haitaki abiria."

"Jaduong', mzee wangu, nipite mama ya bibi yangu akitembea? Watu wataniona aje?"

Na unajua kwa mila yetu mama mkwe hawezi kushika mkwe kiuno. Basi akakaa nyuma juu ya mabomba, amempa Ouma mgongo, hajashika kitu. Kuanza kupanda mlima, mbele ikainuka. Mama akaanguka kwa mawe, na hiyo pikipiki ikapinduka karibu na kichwa yake. Ouma akabaki analia tu "Mama! Mama!" na hawezi kumgusa. Mimi na mgongo yangu mbaya ndio nilimwinua.

Mama akapanguza vumbi, akaniangalia mimi. "Mwambie mkwe wangu hiyo kitu apande peke yake."

Nikamwambia. Bado ananiuliza kama mama amekasirika!

Akinyi, mama yako hayuko, umebaki na mimi tu. Siku utaolewa, ambia bwana yako asinibebe. Nitatembea, na nitafika.

Salimia dani, nyanya yako. Kuleni mshibe.

Baba yako