Ilianzia Kwangu, Wairimu

Wairimu, binti yangu,

Barua hii sitamwachia mtu aniandikie.

Tangu tukuzike, mtoto wako Wambui amekuwa mtu mzima, mfupi kama wewe, na mkaidi kama wewe. Kuna kijana wa Mashuuru anayemtaka. Kabla wazazi wake hawajaja kuzungumza mahari, baba yako mdogo aliniletea mhubiri hapa Kitengela. Daktari ameshasema moyo wangu umechoka, basi wakataka nitubu upesi, laana ivunjwe, wageni wasije wakamwona msichana wakaondoka. Laana ya ufupi, eti aliileta mama yako.

Nilikataa. Siku ya wageni nilishikwa mikono nikasimama, nikaungama nilivyotaka mimi.

Niliwaambia ilianzia kwangu. Miaka yote niliyofundisha biolojia Kajiado, sikupata darasa lililonisikiliza vile. Kila seli ina maagizo ya kutengeneza protini. Agizo linanakiliwa, nakala inatoka kwenye kiini, inasomwa herufi tatu tatu, na kila tatu inaleta kipande kimoja, mpaka vinaungana kama shanga kwenye uzi. Sasa, mbegu za mwanamume hutengenezwa maisha yake yote, na kila mara maagizo yananakiliwa upya. Mimba yako ilipotungwa nilikuwa na mvi. Herufi moja ikanakiliwa vibaya mwilini mwangu, kipande kimoja kikabadilika, na ile protini inayoiambia mifupa ipunguze kurefuka ikawa haijui kunyamaza. Badiliko la aina yako karibu kila mara huanzia kwa baba, hasa aliyechelewa kuzaa. Hakuna aliyelaani. Mama yako hakukosa lolote.

Unakumbuka nilivyokufundisha hayo ukiwa darasa la sita? Nilitunga shanga nyeupe, katikati nikatia moja nyekundu. Ukauliza, "Sasa hii ndiyo mimi?" Nikafunga uzi. Ukaivaa shingoni. "Basi imeweza, Baba, imependeza."

Siku ya wageni, Wambui alikuwa ameivaa shanga hiyo.

Mzee mmoja wa upande wa kijana aliuliza kama wajukuu wao nao watakuwa wafupi. Nikamwambia kila mimba ni nusu kwa nusu. Anayetaka uhakika aende akanunue mbuzi. Wote wakamgeukia Wambui, wakamkodolea macho. Naye akatoa lile neno lako, ulilokuwa ukiwaambia watu sokoni:

"Angalieni vizuri, ni bure."

Yule mzee alicheka mpaka akaegemea fimbo yake. Kisha akaomba chai. Hawakuondoka, Wairimu. Walikaa mpaka tukakubaliana.

Baba yako mdogo hajaridhika. Anasema nimeianika familia mbele ya wageni, na kwamba mhubiri atarudi. Aje. Kama ni ungamo analotaka, ninalo moja tu. Mgongo wako uliokuwa ukikunyima usingizi, huo unaniuma hadi leo. Ningeweza kuubeba, ningeubeba. Lakini wewe... ningepewa ujana tena na herufi ile ile, ningekuzaa wewe huyo huyo.

Lala, mwanangu. Ninakuja, na sitachelewa. Ila nakuahidi hili: pumzi itaniisha kabla sijakutubu kama dhambi.

Baba yako