Madume Uliowaleta

Nyumba ya Watunzaji,
Bustani ya Kobe,
9 Machi.

Mpendwa kaka Msemaji,

Salamu nyingi. Hujambo huko mbali? Na shemeji je, lile goti limepoa? Sisi huku wazima. Mama anakohoa kidogo tu, na paa la jikoni bado linavuja palepale ulipoahidi kupaziba. Mimi mwili mzima. Moyo ndio mgonjwa, na aliyeuumiza ni wewe.

Yale mayai ya kobe yameoza tena. Nimeyafukua juzi mwenyewe, yananuka, ndani maji matupu. Mwaka wa tatu huu! Nimebadilisha mchanga, nimebadilisha majani, nikamgombeza hata fundi bomba eti maji yake yana chumvi. Maskini mtoto wa watu, nilimwonea bure.

Kumbe! Yule daktari wa wanyama unayefanya naye kazi alipita hapa wiki jana. Nikamkaribisha chai, nikamlilia shida zangu. Akashangaa: "Kwani kaka yako hakukwambia? Vipimo vya damu vilionyesha tangu mwanzo kwamba madume aliowaletea majike wako ni wa aina nyingine." Chai ikajaa, ikafurika kwenye sahani, nami namimina tu.

Tangu mwanzo, Msemaji! Ulijua, ukaniuzia mbuzi kwenye gunia, mimi dada yako wa tumbo moja. Ati kwa sababu ulikwisha kutangaza kwamba kobe wote wa bonde hili ni aina moja, ukaona haya kujirudi mbele ya wakubwa. Nilipokupigia simu nikilia kuhusu mayai, ukanipa pole. Pole! Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea.

Na usiniambie kobe ni kobe. Gamba linafanana, mwendo unafanana, lakini mayai hayaanguliwi. Majike wa aina hii wamebaki wanne, wote hapa kwangu, na yule tunayemwita Bibi amechoka. Safari hii ametaga mawili tu. Ukiwahesabu pamoja na wale wa kawaida wa mtoni, aina ya hao madume uliowaleta, kila mtu atasema wapo tele, ya nini kuhangaika? Wataisha huku tunapigiana makofi.

Linaloninyima usingizi ni hili. Daktari anasema madume wa kweli wa aina ya Bibi wapo, watatu, hapohapo kazini kwako, wameandikwa jina la wale wa kawaida. Na kwa kuwa ni wa kawaida, mwisho wa mwezi watagawanywa mahotelini wakapambe bustani. Jina likisahihishwa, wataletwa huku. Sahihi inayotakiwa ni yako wewe uliyewapa jina, ya mtu mwingine haikubaliki. Ndiyo maana nimempa daktari barua hii akukabidhi mkononi.

Mama anakusalimu. Hajui lolote, anaendelea kukusifia kwa majirani, nami naitikia tu. Shangazi naye anasalimu, anauliza utakuja lini. Nisalimie shemeji na watoto. Mungu awalinde nyote, nawe akupe ujasiri.

Ukimaliza kusoma, nenda ofisini ukaseme ukweli. Kama aibu imekushika, sema dada yako ndiye aliyechanganya majina. Sitakana. Nitasemwa, nitanuna, nitapona. Bibi hana mwaka mwingine.

Dada yako, ninayekupenda bado, ingawa kwa hasira.